Mtu Tusiyeruhusiwa Kumuuliza Jina

Siku yangu ya kwanza masjala ilianza kwa kukatazwa jambo nililolelewa nalo. Mkuu wa Masjala, mzee mrefu aliyevaa sweta ya kijivu kiangazi na kipupwe, alinisimamisha nyuma ya kaunta akaniambia, "Spes, mtu yeyote akija hapa akataka kusoma waraka wa chuo, unampa asome. Humuulizi jina. Humuulizi anautakia nini."

Nilidhani Kiswidi changu kimenihadaa. Mimi ni mzaliwa wa Buyenzi, Bujumbura. Kwetu kuuliza si ujinga, na mgeni akikaa muda bila kuulizwa ukoo wake huona ametengwa. Nikarudia, "Hata jina?"

"Hata jina. Chuo ni cha umma, na karatasi za umma ni za watu wote. Ukimuuliza mtu jina leo, kesho ataogopa kuja."

"Na mimi nikimwogopa yeye?"

"Basi mwogope kwa adabu," akasema, akaenda kunywa kahawa yake.

Nawaandikia haya nyinyi vijana mnaodhani kuajiri mtu ni kubonyeza kitufe na kungoja. Kabla ya masjala nilikuwa nasafisha ofisi za watu wa kompyuta kule Kista, jijini Stockholm, jioni nasoma. Nilipoingia chuoni nilishika kazi ya kupokea barua, kuzisajili na kuziweka mahali zinapoweza kuonekana. Baadaye nikahamishiwa Idara ya Historia kuwa msimamizi wa ajira, na hapo ndipo nilipokaa hadi nikastaafu. Mkuu wa Idara alikuwa mama mmoja mwembamba, msema kidogo. Wote walimwita kwa jina lake la kwanza kama vile wamecheza naye utotoni, maana ndivyo Waswidi walivyo. Mimi lilinikwama kooni. Nilimwita Mkuu, na yeye akazoea.

Wenzetu hawa hawaajiri mwalimu wa chuo, wanamchemsha kwa moto mdogo. Kwanza tangazo linajadiliwa mpaka kila neno limechoka. Maombi yakija, kila mwombaji anafunguliwa jalada. Majalada yanapelekwa kwa wataalamu wa nje, yaani maprofesa wa vyuo vingine wanaosoma kila kitabu na kila makala ya mwombaji na kuandika nani anafaa na kwa nini. Wanaobaki wanaitwa kutoa mhadhara wa majaribio, na mlango wa ukumbi unaachwa wazi kwa yeyote anayepita barabarani. Halafu mahojiano, halafu uamuzi. Mwaka mzima unaweza kwisha. Na tangu hatua ya kwanza hadi ya mwisho, mtu wa nje akitaka kulisoma jalada, analisoma.

Muongo wa kwanza wa miaka ya elfu mbili ulikuwa unakaribia kwisha idara yetu ilipopata nafasi ambayo haikuwahi kuwapo: profesa mdogo wa historia ya Walatino na ya mkoa huu. Profesa mdogo ni yule anayeanza ngazi. Akifanya vizuri kwa miaka michache anathibitishwa, akishindwa anaaga. Walatino ni wale waliotoka Chile, Uruguay na kwingineko walipokimbia majeshi yao, wakajaa katika maghorofa ya pembezoni mwa Stockholm hata kabla yetu sisi wa Maziwa Makuu. Mkuu alitaka mtu wa kuandika historia ya mkoa ambayo ndani yake watu wa vitongoji kama Skärholmen na Hallunda ni wenyeji.

Miongoni mwa walioomba alikuwamo Dakta Ximena. Aliletwa kutoka Chile na mama yake akiwa mtoto mdogo, akakulia Hallunda, akasoma, akapata udaktari, kisha akazunguka Ulaya akifundisha kwa mikataba ya muhula mmoja mmoja. Alinipigia simu kuuliza kama maombi yake yamefika. Nikamwambia yamefika. Hakukata.

"Samahani, Spes, nina swali moja. Ile sheria kwamba udaktari usiwe wa zamani sana, mnaihesabu vipi?"

Nikamweleza. Sheria ilikuwa hivyo kweli: nafasi ya profesa mdogo ni ya mtu aliyemaliza karibuni. Ximena alikuwa ukingoni kabisa.

"Basi hii ni ya mwisho kwangu," akasema. "Mama amezeeka, yuko peke yake pale Hallunda, na mimi nimechoka kuishi kwenye sanduku." Alicheka, lakini kicheko kilikuwa kikavu. Msimamizi wa ajira hapaswi kuwa na mwombaji anayempenda. Mimi nilikuwa naye, tangu simu hiyo.

Mtu wa kisa hiki alikuja Novemba, mwezi ambao jua la Stockholm huaga watu wakiwa bado na chakula cha mchana mdomoni. Taa za ukumbini zilikuwa zimeshawashwa. Sikumsikia akiingia. Niliinua macho nikamkuta mbele ya meza yangu, mzee wa kadiri, koti jeusi limefungwa mpaka juu, kofia mkononi.

"Habari za mchana," akasema kwa Kiswidi safi chenye lafudhi ya Kihispania. "Naomba kusoma maombi ya nafasi ya Walatino."

Nikampa majalada yote, nikamwonyesha meza ya kusomea iliyokuwa pale pale ofisini kwangu. Akaketi kwa muda mrefu. Hakuvua koti. Sikusikia kiti kikilia wala karatasi ikigeuzwa, nami masikio yangu ni mazima. Nilimkaribisha kahawa akashukuru, na ilipoa bila kuguswa. Aliporudisha majalada yalikuwa yamepangwa kingo kwa kingo kuliko nilivyompa. Nikaona kwamba kamba za mpira za majalada mengine zilikuwa bado zimefungwa kwa namna yangu. Alilolifungua ni moja tu, la Ximena.

Wiki iliyofuata akaja tena. Na iliyofuata tena. Sasa akawa ananiomba hilo moja tu. Ndani yake hamkuwa na siri yoyote: shule alizosoma, vitabu alivyoandika, masomo aliyofundisha. Mtu mwenye akili timamu angeyamaliza kwa kikao kimoja na kupiga miayo. Yeye aliyasoma taratibu, kama mtu anayesoma barua ya mwanawe aliye mbali. Siku moja niliinuka kuchukua kitu kabatini nikapita nyuma yake. Ukurasa uliokuwa mbele yake ulikuwa wa kwanza, wenye jina, mahali pa kuzaliwa na picha ndogo. Alikuwa haendelei. Alikuwa anaitazama tu ile picha.

Niliogopa, wala sioni haya kusema. Mimi nimetoka mahali ambapo mtu mpole mwenye koti safi akilisoma jina lako mara nyingi, jamaa zako huanza kukufungia mizigo. Nikaenda kwa Mkuu.

"Amekutishia?" akauliza.

"Hapana. Ana adabu kunishinda."

"Amechukua kitu? Amechora kitu?"

"Hapana."

"Basi, Spes, hatuulizi." Akatazama dirishani palipokuwa peusi. "Mimi pia sipendi. Lakini tukianza kuuliza wale tusiowapenda, tutaishia wapi?"

Nyumbani nikaeleza mezani, bila kutaja jina la mwombaji. Mume wangu akaweka kijiko chini. "Mama Aline, mutu mwenye kusoma karatasi ya mutu mwingine kila wiki, huyo hana kazi ya muzuri. Sisi tulikimbia watu sawa vile. Umuulize jina, basi!"

Aline wetu, aliyekuwa anasomea sheria, akajibu kwa Kiswidi bila kuinua macho kwenye simu yake, "Pappa, det får hon inte." Yaani baba, haruhusiwi. Mume wangu akanigeukia kuona kama ni kweli. Nikatikisa kichwa kuafiki. Akasema nchi hii itatuua kwa ustaarabu.

Wataalamu wa nje wakaandika maoni yao, na Ximena akawa miongoni mwa walioitwa kwenye mhadhara wa majaribio. Wenyeji walikaa mbele: mwenyekiti wa kamati ya ajira, aliyekuwa profesa mnene mwenye saa ya mezani aliyokuja nayo mwenyewe, Mkuu, wataalamu na wanafunzi wachache. Mimi nilikaa karibu na mlango kama kawaida yangu, nigawe maji na kufunga mapazia. Mtu wa koti alikuwa ameshaingia. Alikaa safu ya nyuma kabisa, kofia magotini.

Ximena alikuwa mfupi, sauti yake haikuhitaji kipaza. Alizungumza juu ya redio. Alisema alipokuwa akiwahoji kina mama wa Kilatino wa Hallunda aliona jambo moja: katika nyumba nyingi redio haizimwi, mchana kutwa, hata kama hakuna anayesikiliza. Akaeleza kwamba mazoea haya yalisafiri nao kutoka kwao, walikowasha redio ili majirani wasisikie maneno ya nyumbani, na kwamba hofu ina historia yake ya mkoa kama vile reli na viwanda. Kisha akatoa kisa cha familia moja, bila majina. Jioni moja mama yuko zamu hospitalini, baba yuko nyumbani na binti yake mdogo. Wakaja watu waliovaa kiraia. Redio ilikuwa inalia. Mtoto alijificha chini ya kitanda. Baba akachukuliwa, hakurudi tena.

Mwenyekiti akakaribisha maswali. Mkono wa kwanza kuinuka ulikuwa wa nyuma kabisa.

"Ni mhadhara mzuri," mtu yule akasema, ameshasimama. "Nina masahihisho mawili. Redio haikuwa inalia. Tuliizima tulipoingia, tupate kusikia vizuri. Na mtoto hakuwa chini ya kitanda. Alikuwa kabatini, nyuma ya makoti."

Akaketi. Ximena alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili, midomo ikawa haina damu. Mwenyekiti akaitazama saa yake.

"Asante kwa mchango huo," akasema. "Tunalo swali jingine?"

Mtashangaa, lakini ndivyo tulivyofanya kazi. Kila mwombaji ana dakika sawa na mwenzake, na mgeni wa ukumbini hahojiwi. Wengine walidhani ni jirani wa familia ile, mzee anayekumbuka. Profesa mmoja akauliza juu ya uteuzi wa watu wa kuhojiwa. Ximena akanywa maji, akamjibu, jibu la kueleweka lenye mwanzo na mwisho. Baadaye kamati ilimsifu kwa utulivu. Nilipogeuka kuangalia safu ya nyuma kiti kilikuwa kitupu. Mimi nilikuwa nimekaa mlangoni. Hakupita kwangu, na ukumbi ule hauna mlango mwingine ninaoujua.

Ximena alikuja ofisini kwangu akafunga mlango, akaketi kwenye kiti kile kile cha kusomea. Sikumwambia ni kiti cha nani.

"Kile kisa ni changu," akasema. "Mtoto ni mimi."

"Nimeelewa."

"Hujaelewa. Sijawahi kumwambia mtu yeyote kuhusu kabati. Hata mama. Nilijikojolea mle ndani, nikaona aibu, nikasema nilikuwa chini ya kitanda. Nimesema hivyo maisha yangu yote." Akautazama mlango alioufunga. "Mlango wa kabati ulifunguliwa, Spes. Niliona mkono ukisogeza koti. Halafu ukafungwa. Nilipokua nilijiambia niliota."

Nikamwambia basi kwamba mtu huyo amekuwa akija kulisoma jalada lake, na kwamba simjui jina kwa sababu sheria hainiruhusu kumuuliza. Hakunilaumu. Ingekuwa afadhali angenilaumu.

Siku chache baadaye kamati ilimweka wa kwanza. Mimi ndiye niliyempigia simu kumwarifu, na kwa kawaida simu hiyo ndiyo tamu kuliko zote katika kazi yangu. Aliniambia asante, akakata. Jioni nikamkuta kwenye treni ya mstari mwekundu, naye anakwenda kwa mama yake. Kumbe mama huyo alikaa mtaa wa pili na wetu.

"Nitajitoa," akaniambia. "Nikiichukua, jina langu litakuwa mlangoni, saa zangu za kupokea wageni zitakuwa kwenye tovuti. Atajua nilipo kila siku ya Mungu."

"Tayari anajua ulipo."

"Asante sana!" akasema kwa hasira, na watu wakageuka. Tulipita Skärholmen, abiria wakashuka na mifuko yao ya sokoni. Kisha akauliza taratibu, "Umemwona kwa karibu. Anafananaje?"

Nikamwambia kweli. Anafanana na babu anayengoja wajukuu nje ya shule. Ndivyo alivyo, na ndilo lililonitisha kuliko koti lake na ukimya wake.

"Alifungua, akafunga," Ximena akasema. "Kila nikilala nalikuta swali hilo. Kwa nini alifunga?"

"Mimi siruhusiwi kumuuliza," nikamjibu. "Mimi ni mtumishi wa kaunta. Lakini wewe, ukiingia pale, utakuwa profesa wa historia. Kazi yako ni kuuliza. Hakuna sheria ya nchi hii inayokukataza."

Alitazama dirisha, ambamo hamkuonekana kitu ila nyuso zetu sisi wawili. Tulishuka Hallunda tukaagana hapo kituoni. Wiki iliyofuata akasaini mkataba. Alipoulizwa na fundi jina liandikwe vipi mlangoni, alisema majina yote mawili ya ukoo, la baba kwanza.

Alikaa muhula mzima mlango wake ukiwa wazi saa za wageni. Wanafunzi waliingia na kutoka. Mimi kila nikisikia lifti nilisimama. Halafu mchana mmoja wa majira ya machipuo, theluji ikichuruzika kwenye mabati, mtu yule akapita mbele ya ofisi yangu. Akainamisha kichwa kunisalimia. Safari hii nilisikia viatu vyake.

Ximena alikuwa ameniomba kitu kimoja: akija, nikae karibu. Nikasimama kwenye korido, faili mkononi kama mtu mwenye shughuli. Mlango ulikuwa wazi. Walizungumza Kiswidi, na naamini Ximena ndiye aliyetaka hivyo, nami nisikie.

"Ulifungua kabati ukaniona," akasema. "Kwa nini ulifunga?"

Nilisikia maji yakidondoka nje.

"Hatukuwa tumeambiwa kuhusu mtoto," akajibu.

Sauti yake haikuwa na ukatili wala majuto. Alikuwa anaeleza kazi.

"Na baba yangu?"

"Yule tulikuwa tumeambiwa."

Sikusikia Ximena akilia. Nilisikia akivuta pumzi, kisha akauliza kama yuko hai. Mtu yule akasema hapana, hakufika hata asubuhi. Akaeleza ni wapi, akataja barabara na mto. Alipomaliza kiti kikasogea.

"Bado," Ximena akasema. "Jina lako."

"Nimeambiwa nchi hii hawaulizi."

"Wale wa kaunta hawaulizi. Mimi nakuuliza."

Akalitaja. Jina la kwanza, la pili, ukoo wa baba, ukoo wa mama, akisema taratibu kama mtu ambaye zamu yake imeitwa baada ya kungoja siku nzima. Kisha akatoka, akapita mbele yangu bila kofia, akashuka kwa ngazi. Hakuja tena. Ximena alilipeleka jina lile panapohusika, na mimi silitaji hapa.

Nilistaafu mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili na kumi. Walinipa maua na keki, Mkuu akatoa hotuba fupi kama yeye mwenyewe. Binti aliyeshika nafasi yangu nilimfundisha sheria ile ile, na aliponiuliza kama ni nzuri nikamwambia ni nzuri, nimeishi kwenye nchi isiyo nayo. Ukiwa nyumbani na muda umejaa, unaanza kujiuliza mambo. Najiuliza yule mtu alitaka nini mezani kwangu Novemba ile. Pengine alitaka kuona mtoto ambaye hakuambiwa amekuwa nani. Pengine alikuwa anangoja mtu amuulize. Mume wangu anasema shetani naye huzeeka akataka kuongea. Sijui, na huwa napenda kujua.

Mwaka huo huo niliostaafu, mama yake Ximena alikubali mumewe asomewe misa ya wafu. Miaka yote alikuwa amekataa, akisema mumewe hajafa mpaka mtu aliyekuwapo aseme. Tulikwenda, mimi na mume wangu, kwa miguu. Kanisa lilijaa Wachile wazee, na Warundi wawili watatu tuliokuwa majirani. Yule mama alikuwa mfupi kama binti yake, amevaa nyeusi. Ximena akanong'ona kitu sikioni mwake, akaniashiria.

Bibi yule akanishika mkono. "Ni wewe uliyemkaribisha yule mtu?" akaniuliza kwa Kiswidi kibovu kama changu. "Ni wewe uliyempa kiti?"

"Ndiyo, mama," nikasema. "Ilikuwa ndiyo kazi yangu."

Alinitazama machoni kwa muda, nikadhani atanipiga au atanibusu. Hakufanya lolote. Padri akaanza kusoma, watu wakasimama, naye hakuuachia mkono wangu mpaka misa ilipokwisha.